Jinsi ya Kumpendekezea Mwenzako Riwaya ya Fantasia Akaisoma Mpaka Mwisho

Ukimwambia mtu "Kisome, ni kizuri balaa," hujamwambia kitu. Kwenye riwaya za upelelezi au za mapenzi anaweza kubahatisha na akapatia. Kwenye fantasia, yaani visa vya uchawi na nchi za kubuni, ni vigumu, kwa sababu jina hilo moja linabeba vitabu visivyo na undugu wowote. Discworld ya Terry Pratchett ni vichekesho na kejeli. A Game of Thrones ya George R. R. Martin ni njama, usaliti na damu. Humo mote utakuta majoka, na dukani vinakaa rafu moja. Aliyecheka na cha kwanza mpaka machozi anaweza kukitupa cha pili baada ya sura tatu, na lawama zikakurudia wewe uliyempendekezea.

Haya ni maelekezo kwa anayesoma vitabu hivi na angependa ndugu, rafiki au wenzake wa kundi la usomaji wavisome pia. Kazi kubwa iko kwenye kumjua msomaji. Jina la kitabu huja baadaye.

1. Muulize kwanza

Usianze na "unapenda vitabu gani?" Swali hilo watu hulijibu kwa adabu: wanataja kitabu cha kuwapa sifa, hata kama hawajakishika miaka kumi. Uliza cha mwisho alichokimaliza, kisha uliza alichokiacha njiani. Hilo la pili ndilo lenye habari.

"Dada, nitafutie kitabu cha likizo."
"Cha mwisho kukimaliza ni kipi?"
"Kukimaliza kabisa? Kusadikika, enzi za shule."
"Na ulichokiacha?"
"Kile kinene cha pete. Nilifika kwenye nyimbo nikachoka."
"Ulichoka nyimbo au urefu?"
"Nyimbo. Urefu sina shida nao, tamthilia ya Kituruki naimaliza misimu yote."

Hapo umeshapata karibu kila kitu. Huyu havunjwi moyo na kurasa nyingi, anavumilia majina ya ajabu, anapenda habari za watawala na dhuluma, ila hataki kisa kisimame mtu aimbe beti kumi. Mimi ningempa Mistborn ya Brandon Sanderson: juzuu tatu zilizotoka kati ya 2006 na 2008, kisa chake kimekamilika. Kuna dola katili, kuna genge la wezi linalopanga kuiangusha, na nguvu zao zinatokana na madini wanayoyameza, kila madini na kazi yake. Nyimbo hakuna za kumchosha.

Kuna maswali mengine ya harakaharaka. Anasoma kwenye simu au kwenye karatasi? Kiingereza anakisoma kwa raha au kwa kujikaza? Yapi hataki kabisa kukutana nayo? Hili la mwisho usilione aibu kuliuliza. Fantasia ya watu wazima ina ubakaji, mateso na vifo vya watoto zaidi ya majalada yake yanavyoonyesha, na mtu aliyetoka msibani juzi ana haki ya kuambiwa mapema.

Halafu kuna suala la uchawi. Ziko nyumba ambazo kitabu chenye mchawi kwenye jalada hakilali humo, awe mwenye nyumba ni shemasi au ustadhi. Usimcheke mzazi wa namna hiyo, na usimfundishe mtoto kukifunika kwa gazeti. Mweleze uchawi huo unafanya kazi gani ndani ya kisa. C. S. Lewis, aliyeandika vitabu vya watoto vya Narnia, aliandika pia vitabu vya kutetea imani ya Kikristo, na simba wa Narnia anasimama mahali pa Kristo. J. R. R. Tolkien, aliyeandika The Lord of the Rings, kile kinene cha pete, alikuwa Mkatoliki wa kweli. Ukishaeleza, na mzazi bado akasema hapana, basi yaishe hapo. Mtoto ni wake.

2. Anzia pale alipo msomaji

Mtu akisema "mimi majoka ya Kizungu siyawezi," usibishane naye. Muulize kama amewahi kumsoma Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea angani, ina mfalme, ina baraza, ina wajumbe waliotumwa pande sita wakarudi na kufungwa jela. Katika Adili na Nduguze (1952) kuna majini, na kuna mtawala ambaye kila usiku anachapa manyani wawili. Hiyo ni fantasia tupu, na wengi waliisoma wakiwa watoto bila mtu kuwaambia inaitwaje. Ukimwonyesha hilo, ugeni unapungua papo hapo.

Kutoka hapo unaweza kumvusha taratibu. Aliyependa Adili na Nduguze kwa sababu ya usimulizi wake mtulivu, kama wa Alfu Lela Ulela, mpe A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968). Ni kifupi, kina kijana mmoja, visiwa vingi, na kosa la kiburi linalomfuata shujaa baharini. Mwambie pia kwamba Ged, kijana huyo, ana ngozi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu majalada mengi yamemchora mweupe na mwandishi mwenyewe alilalamikia jambo hilo kwa miaka. Aliyependa Kusadikika kwa kejeli yake dhidi ya wakubwa, mpeleke kwa Pratchett. Watacheka pamoja.

Kwa Kiswahili tu, bila kuvuka popote, unayo Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambapo mzimu wa babu unamrudia mjukuu mwenye cheo, na Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999). Tahadhari moja: usimpe anayeanza Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) eti kwa sababu ni chembamba. Wembamba wake ni mtego. Ni kitabu cha mtu aliyekwisha kuzoea kusoma bila kushikwa mkono, na ndugu yake Mzingile ni hivyohivyo. Na kama unapendekeza kwa kukumbuka majina ya majalada tu, angalia: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ni riwaya ya upelelezi. Bwana Msa humo anatafuta muuaji, hatafuti pepo.

Vijana wa sekondari wanaotaka watu wanaofanana nao mara nyingi wanashikwa na Nnedi Okorafor, ambaye Akata Witch yake (2011) inatokea Nigeria, au Tomi Adeyemi, ambaye mfululizo wake wa juzuu tatu ulianza 2018 na kuisha 2024. Jalada la hicho cha Okorafor limeandikwa neno "mchawi" waziwazi, kwa hiyo rudi hatua ya kwanza kabla hujakituma nyumbani kwa ustadhi.

3. Taja gharama yake yote

Hapa ndipo wapendekezaji wengi wanapowaonea wenzao. Bei ya dukani ni sehemu ndogo tu. Msomaji anatakiwa ajue mambo matatu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: juzuu ziko ngapi, kisa kimeisha au hakijaisha, na aanzie wapi.

The Wheel of Time ya Robert Jordan ina juzuu 14, na kuna kitabu kingine cha utangulizi pembeni. Ya kwanza ilitoka 1990. Jordan alifariki 2007 kabla hajamaliza, Brandon Sanderson akaikamilisha kutokana na alichokiacha marehemu, na ya mwisho ikatoka 2013. Hiyo ni habari njema kwa mwenye subira, kwa kuwa mwisho upo. Mfululizo wa Martin, kinyume chake, ulianza 1996, juzuu ya 5 ikatoka 2011, na wasomaji wamebaki na arosto tangu siku hiyo. The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss (2007) imeandikwa kwa ufundi wa kupigiwa mfano, ya 2 ikafuata 2011, ya 3 ndiyo hiyo inasubiriwa. Mimi bado naipendekeza, lakini namwambia mtu mapema: unaingia kwenye nyumba ambayo paa halijaezekwa. Wapo wanaosema sawa, na wapo wanaonishukuru kwa kuwaambia.

Suala la wapi pa kuanzia linaleta ugomvi wa kirafiki usiokwisha. Narnia ina vitabu 7, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Matoleo mengi ya siku hizi yameviwekea namba kwa kufuata mpangilio wa matukio, kwa hiyo The Magician's Nephew, kilichochapishwa 1955, kinaandikwa namba 1. Mimi simwanzishii mtu hapo. Kitabu hicho kinaeleza asili ya mambo ambayo msomaji mpya hajapata nafasi ya kuyashangaa. Mwanzishie na The Lion, the Witch and the Wardrobe cha 1950, kama walivyoanza wasomaji wa kwanza. Discworld ni kinyume: riwaya 41, kuanzia 1983 hadi 2015, na ile ya kwanza kabisa si mlango mzuri kwa sababu mwandishi alikuwa bado anajipima sauti. Mpe Guards! Guards! (1989) au Mort (1987). Kila kimoja kinasimama chenyewe.

Sisi tunaonunua vitabu vya mitumba tuna tatizo letu la ziada. Vile vilivyopangwa chini kando ya barabara havijui mpangilio. Utakuta juzuu ya 2 peke yake, safi, bei ya kutupa, na jalada halisemi popote kwamba ni ya 2. Kabla hujamnunulia mtu zawadi, fungua kurasa za mwanzoni kwenye orodha ya vitabu vya mwandishi na uone hicho ulichoshika kinakaa wapi. The Two Towers ni mfano unaoumiza. The Lord of the Rings ni riwaya moja ndefu iliyogawanywa juzuu tatu, hiyo ikiwa ya pili, na kuchapishwa 1954 na 1955, kwa hiyo anayeanza na hicho anaingia katikati ya mbio, hajui nani anakimbizwa wala kwa nini.

4. Andika maoni yenye kazi

Sasa ndiyo unaweza kusifu. Huu hapa ujumbe ambao ningetuma kwenye kundi, kisha tuuchambue:

"Jamani, habari za jioni. Tafuteni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Baba mvuvi anapotea baharini, binti yake Aisha anatoka kumtafuta kwa chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiongozwa na paka anayesema. Nilichokipenda: paka anasema, kunguru wanasema, mbuzi naye hakubali kunyamazishwa, lakini nyumbani bado bibi ana wasiwasi wake wa kumwozesha mjukuu. Bahari ni sehemu tu ya kisa. Kuna kurasa nyingi za mjini, kati ya ndugu na majirani. Kiingereza chake ni cha kishairi, kuna aya utazirudia. Anayetaka majeshi na mapanga hiki si chake. Kitabu kimoja, 2021, hakikudai juzuu ya pili. Mama Salma, wewe uliyelelewa na hadithi za majini, anza wewe."

Angalia kilichofanyika. Kisa kimetajwa kwa sentensi moja na kikaachwa. Sifa iko kwenye kitu kinachoonekana, bibi na ndoa pembeni ya paka anayesema, na si kwenye maneno kama "kinasisimua" ambayo yanafaa kitabu chochote. Ugumu umetajwa wazi. Asiyefaa ameambiwa apite. Na mwisho kuna mtu aliyetajwa kwa jina, kwa sababu pendekezo la wote huwa halina mwenyewe.

Utagundua tuzo haikutajwa, ingawa kitabu hicho ndicho kilichopata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin mwaka 2022. Tuzo ni nzuri kwa kumshawishi mwenye maktaba. Msomaji haimsaidii sana. N. K. Jemisin alichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa vitabu vya mfululizo mmoja, na bado nawajua watu wazima wenye akili zao waliokiacha cha kwanza, The Fifth Season, kwa sababu sehemu kubwa inasimuliwa kwa "wewe": wewe unatembea, wewe unalia. Kuwaambia kuhusu hiyo "wewe" kungewasaidia kuliko orodha ya medali.

Tenganisha pia "sikukipenda" na "ni kibaya". Ya kwanza ni habari yako. Ya pili ni madai, na madai yanadai ushahidi: onyesha ukurasa, onyesha mhusika aliyebadilika tabia bila sababu, onyesha vita iliyomalizwa na nguvu ambayo hatukuwahi kusikia kwamba ipo. Hilo la mwisho ndilo kosa kubwa la fantasia mbovu, na ukilielezea vizuri hata asiyesoma aina hii anakuelewa.

5. Usitoboe siri

Kila kundi lina mtu asiyeweza kujizuia. Kipimo changu ni robo ya kwanza ya kitabu: yaliyomo humo unaweza kuyagusa, yanayofuata ni mali ya msomaji. Kwenye Adili na Nduguze sema kuna mjumbe wa mfalme aliyelala ugenini akaona manyani wawili wanachapwa usiku na mwenyeji wake. Kwa nini wanachapwa, nyamaza. Usiamini kwamba jalada la nyuma limefanya hesabu hiyo kwa niaba yako. Maelezo ya mchapishaji wa The House of Rust yanasema mengi kuliko niliyoyasema mimi hapo juu, na yanafika mbali sana kisani.

Kuna kutoboa kwa ujanja ambako watu hawakuhesabu. "Subiri ufike sura ya thelathini!" "Huyo usimzoee sana." "Kwa hiyo wewe bado unamwamini yule mzee?" Hujataja tukio lolote, lakini umeshamwaga mtama. Msomaji ataanza kumwangalia yule mzee kwa jicho la pembeni, na ule mshtuko ulioandaliwa kwa kurasa mia tatu umekufa. Ukiulizwa "nimefika hapa, nini kitatokea?" jibu salama ni swali: "Wewe unadhani?"

Waliotazama tamthilia bila kusoma ni kesi ya pekee. Game of Thrones ya runinga iliisha 2019 na ilishaupita mfululizo wa vitabu, kwa hiyo mtazamaji anaujua mwisho ambao Martin hajauandika. Wakikaa na wasomaji kwenye kundi moja, kubalianeni mapema mnaongelea kipi, vinginevyo jioni itaharibika.

6. Mkitofautiana

Mwenzako akirudisha kitabu na kusema hakikumpendeza, usimwambie "hukukielewa". Muulize alikwama wapi. Jibu lake ni dawa ya pendekezo lijalo, na mara nyingine litakufungua macho kwa kitu ulichokiruka kwa mapenzi.

Mfano mzuri ni Narnia hiyohiyo. Katika The Horse and His Boy (1954) maadui ni Wakalormeni: weusi wa rangi, wamevaa vilemba, panga zao zimepinda, wanaishi kusini ya jangwa. Msomaji wa Lamu au Unguja, ambaye babu yake anavaa kilemba siku ya Idi, hawezi kupita hapo bila kuhisi kitu. Anayempenda Lewis hujaribu kulifunika. Lisifunikwe. Mwambie mtu mapema kwamba lipo, mwambie kitabu kiliandikwa lini na mtu wa namna gani, halafu mwache aamue. Wapo watakaosoma na kubishana nacho kila ukurasa, na ubishi huo huwa mtamu kuliko sifa. Wapo watakaokiacha. Kumlazimisha mtu apende unachopenda ni usumbufu, hasa kama mnakutana naye kila Jumamosi.

Asilazimishwe kumaliza pia. Vitabu vingi vya fantasia vinachelewa kuwaka kwa sababu mwandishi anajenga nchi nzima kwanza. Mwambie mwenzako ni wapi kinapowaka, mathalani baada ya sura ya nane, ili ajue anavumilia mpaka wapi. Akifika hapo na bado hakuna kitu, afunge.

7. Kuazimisha na kufuatilia

Ukiazimisha, toa juzuu moja kwa wakati. Anayechukua tatu kwa mpigo huzirudisha mbili. Andika jina lako ndani ya jalada kwa kalamu, na kwenye daftari au kwenye simu andika nani kachukua nini na lini. Baada ya wiki mbili muulize "umefika wapi?" na si "umekimaliza?", kwa sababu swali la pili linamfanya akukwepe.

Wanaosoma kwenye simu, waelekeze wapakue sampuli ya bure kwenye duka la vitabu vya kielektroniki; kurasa za mwanzo zinatosha kujua kama sauti ya mwandishi inampendeza. PDF za wizi zinazozunguka kwenye makundi, mimi sizitumi, hasa za waandishi wa huku kwetu ambao nakala mia chache zinaweza kuamua kama mchapishaji atawachukua tena. Kama pesa ni tatizo, nunueni nakala moja watu wanne na mpangiane zamu, anayesoma haraka awe wa kwanza, na anayependa kutoboa siri awe wa mwisho.